Tulivyochagua Simu ya Baba

Baba yetu, Nahashon, alipolazwa hospitali Mombasa, familia iliketi kikao cha kuchagua simu. Sisi hatukuwa nayo. Dada Easter, aliyekuwa akimuuguza huko, alihitaji namba moja ya kutupigia hali ikibadilika, ili Mama aondoke kwetu Tezo upesi akamkute Baba.

Mimi, Ndirangu, niliyekuwa nyumbani likizo ya Aprili, nilijiteua mwenyekiti.

Mgombea wa kwanza: duka la Abdalla, kando ya barabara. Simu yake ilitiwa kufuli watu wasiipige ovyo, na juu yake alilala paka. Mgombea wa pili: hoteli ya ufukweni Bofa, alikofanya kazi mjomba Laban tangu Desemba.

"Pale kuna msichana kazi yake ni kupokea simu tu," Laban alisema. "Kwa Abdalla utapokelewa na paka."

"Paka naye ana sauti nzuri," nikasema.

"Ndirangu, nyamaza," Mama akasema. "Easter apewe namba ya hoteli."

Kura tatu kwa bila, yangu ikiwemo.

Baada ya Pasaka mvua ilianza na watalii wakarudi kwao. Jumamosi Laban aliingia na sanduku kichwani. Hoteli imefungwa mpaka Julai. Nilimpigia saluti, nikamkaribisha rasmi katika chama cha wasio na kazi. Mama alimpa uji. Tukazungumzia mshahara wake, tukazungumzia mvua. Simu hakuna aliyeikumbuka.

Jumatano asubuhi Abdalla alikuja kwa miguu, kanzu imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mamako yupo?"

Mama alitoka, mikono imejaa unga.

"Mama Easter, bintiyo amepiga hotelini tangu jana, haipokewi. Mwisho akamwomba opereta simu yoyote ya Tezo, akapewa yangu." Abdalla akatazama chini. "Mzee ametutoka alfajiri. Jana kutwa alikuwa akikuulizia. Pole sana, mama."

Mama aliendelea kupukuta unga, kidole kimoja kimoja. Laban akakaa juu ya sanduku lake.

"Twendeni dukani," Abdalla akasema. "Atapiga tena, na nimemwacha paka peke yake."

Tulikwenda. Alimshusha paka, akatuwekea magunia ya kukalia. Tukaikodolea macho ile simu. Ilipolia, hakuna aliyeinuka kati yetu. Alipokea Abdalla.