Dume Ale Kwanza

Shitanda ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo nikimcheka nina haki. Nilipofiwa na mume nilihamia kwake Lugari, mwaka wa pili wa Uhuru, alipokuwa amepewa shamba lililoachwa na mzungu. Pamoja na shamba alipata kondoo majike sita, dume mmoja, na malisho kando ya kijito, yamezungushiwa seng'enge, nyasi laini mpaka unatamani kuzichuma mboga. Alipata pia uenyekiti wa kamati, na tumbo likafuata.

Siku moja, moyo wake ukiwa mweupe, alimwambia mkewe Jescah mbele yangu, "Mama Bramwel, wanakondoo wote wa msimu huu wa kwanza ni wako." Jescah alikuwa amezaa watoto watano katika nyumba ile na hakuwa na hata kifaranga cha kukiita chake. Maneno hayo aliyaweka moyoni.

Majike walipokaribia kuzaa alikuja bwana mifugo, Kipkemboi, kijana mpole wa Kinandi.

"Mzee, hizi wiki za mwisho ndizo mwana hukua sana tumboni," alisema. "Majike waingie kwenye nyasi nzuri. Dume akae kilimani, hana kazi sasa."

Shitanda aliitikia kila neno, akamchinjia kuku, wakala wawili mpaka mifupa. Sisi wanawake tulipata mchuzi. Kwetu kuku alikuwa wa wanaume, na firigisi, ambayo tunaiita imondo, ilikuwa ya mwenye nyumba. Mwanamke aliyeigusa alijitafutia kesi.

Pikipiki ya Kipkemboi haijafika barabarani, kaka yangu alifungua lango la seng'enge akamwingiza dume.

"Na majike?" nikamuuliza.

"Dada, wewe umeona wapi baba anakulanga nyuma ya bibi? Halafu hawa angalia tumbo. Wameshiba tayari!"

Tumbo lake mwenyewe lilimshinda kondoo yeyote pale, na sikumwona akipunguza ugali.

Jike wa kwanza alizaa mwana mdogo kama panya, akatetemeka, akafa kabla jua halijapanda. Wa pili alizaa akiwa hana tone la maziwa. Jescah alimkumbatia yule mwana kutwa nzima, akamfia kifuani. Shitanda akasema mzungu aliwaroga kondoo kabla ya kuondoka. Sikio la kufa halisikii dawa. Jescah alilia huku akichimba shimo, na siku hiyo nilimchukia kaka yangu, nasema wazi.

Mungu si Athumani, kamati ikampeleka Kakamega kwenye mafunzo ya wenyeviti, wiki tano. Basi lilipoondoka tu, Jescah alimtoa dume kwa fimbo, akawaingiza majike wanne waliokuwa hawajazaa. Walikula mpaka manyoya yakang'aa. Walizaa wana sita, wazito, na maziwa yalijaa hata wana wakawa wanapaliwa.

Shitanda alirudi na tai mpya shingoni. Alipowaona wanakondoo wakirukaruka alikwenda moja kwa moja kumpapasa dume.

"Damu ya huyu si mchezo!" alisema. Dume mwenyewe alikuwa amekonda, mbavu nje. Mwenyekiti hakuziona.

Akamwita Kipkemboi aje aone. "Kondoo wangu," alimwambia mlangoni, mara mbili. "Kondoo wangu." Jescah alisikia. Akaenda jikoni kumalizia kuku.

Mezani kaka yangu alikoroga bakuli, akakoroga tena.

"Imondo iko wapi?"

"Nimekula," Jescah akasema.

Kipkemboi aliacha kutafuna.

"Bwana mifugo alisema chakula kizuri kiende penye mimba." Aliweka mkono tumboni, mimba ya miezi minne ambayo mwenyekiti alikuwa hajaigundua. "Ulipokuwa Kakamega mimi nilifungulia majike. Dume alikaa kilimani. Na hao sita ni wangu, Baba Bramwel. Ulisema mbele ya dada yako."

"Alisema," nikasema.

Shitanda alimgeukia Kipkemboi, mwanamume kwa mwanamume. Kijana alitazama wanakondoo kupitia dirishani.

"Mama amefanya vile nilisema," akasema taratibu. "Wewe mzee, ulifanya nini?"

Kaka yangu aliokota shingo ya kuku akaanza kuitafuna. Mimi nikavuta bakuli, nikachagua paja.