Sanduku la Dharura na Saini Moja

Jumanne, tarehe kumi na nane Machi. Manyunyu yalianza alfajiri, manyunyu yale ya kukera ambayo hayamloweshi mtu wala hayamwachi akauka, na hewa ilikuwa baridi na nzito.

Fundi alimshukuru Mungu kwa kuamka salama, akaingia jikoni kuwasha jiko, akakosa kibiriti. Hakushangaa. Alijua kilipo. Kilikuwa ndani ya sanduku la dharura pamoja na mishumaa yote, tochi mbili, kisu cha kufungulia makopo, mkasi wake mzuri, na karibu kila kitu ambacho nyumba ile ilikihitaji kila siku ya Mungu. Akatoka na kijiti kuomba moto kwa jirani, kwa mara ya tatu wiki ile, akijisemea kwamba safari hii akiulizwa atasema ukweli: mume wangu anajiandaa na maafa, kwa hiyo hatuwezi kuchemsha chai.

Mtaani walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake iliyokaa barazani, na mumewe walimwita Stoo kwa sababu alikuwa mtunza stoo katika ghala la vipuri vya magari. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa nyuma ya dirisha la wavu, akipokea, akihesabu, akibandika vibao na kufunga. Hakuwahi kupotelewa hata na nati. Lilikuwa jambo la kumsifu mtu, na Fundi alimsifu, mpaka stoo ilipomfuata nyumbani.

Ilianza mwaka uliopita, maji ya mtaro yalipofurika wakati wa chakula cha mchana na kupanda hadi kwenye magodoro. Baada ya hapo ofisi ya mtaa iligawa kipeperushi, ikaitaka kila kaya iweke tayari vifaa vya kujiokoa. Watu wengi walikifungia sabuni. Stoo alikisoma kama mtu aliyepata barua ya ajira. Akapiga mistari. Jumamosi moja akamchukua mkewe dukani kuchagua vifaa, na siku hiyo Fundi alijua wazi kwamba ameolewa na mtu wa ajabu. Stoo alizipuliza filimbi sita, moja baada ya nyingine, mpaka mwenye duka akamwomba achukue yoyote, kwa jina la Mungu. Alikunja na kukunjua maturubai. Aliikalia ndoo ya plastiki kuona kama itapasuka. Alichagua redio ya kuzungushwa kwa mkono, kamba, dumu lenye koki, mtaimbo, shoka fupi, na mwisho kabisa sanduku lenyewe: la chuma, zito kama deni la dhambi, lisiloshika moto, lenye kufuli mbili nene mbele. Akazibonyeza zile kufuli kwa kidole gumba, akatabasamu kama mtu aliyeshika mtoto mchanga.

Mpaka hapo hakuna aliyemlaumu. Tatizo ni kwamba sanduku lilikuwa kubwa na Stoo hakupenda kuona nafasi tupu. Akaanza kulijaza kwa vitu vya nyumbani, na juu ya vitu akaweka utaratibu. Karibu na mlango wa chumba alitundika daftari kwa msumari: tarehe, kitu, sababu, saini ya anayechukua. Funguo alizivaa kiunoni na kwenda nazo kazini. Siku ya kwanza Fundi alicheka hadi machozi, akidhani ni mzaha. Siku ya pili aliambiwa aandike sababu ya kutaka sindano.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomkaa rohoni kilikuwa kimoja tu, nacho ni pumzi ya mama mkwe wake.

Mama yake Stoo aliishi nao, na alikuwa na pumu ya miaka mingi. Alikuwa na inhela mbili, zile chupa ndogo za buluu za kuvutia dawa: moja ya kutumia, iliyokaa mfukoni mwa sweta lake, na nyingine mpya ya akiba. Stoo alimpenda mama yake kupita maelezo, na ndiyo maana ile mpya ilikuwa kitu cha kwanza kabisa kuingia sandukuni.

Jumapili, walipotoka kusali, Fundi aliitikisa ile ya mfukoni akaiona nyepesi. Akamwendea mumewe, akamwambia ampe ile mpya aiweke kando ya kitanda cha mama. Stoo akamweleza kwa upole, kama anavyowaeleza madereva, kwamba kipuri kipya hutoka kile cha zamani kinaporudishwa kikiwa kimeisha. Ghalani ndivyo ilivyo. Dereva hapewi plagi mpya akiwa bado anatumia ya zamani, kwa sababu atakwenda kuiuza. Fundi akamuuliza kama mama atakwenda kuuza inhela. Stoo akakuna kichwa. Akafikiri. Mwishowe akashusha daftari msumarini, akamnyooshea na kalamu, akasema basi, asaini tu kwamba imetoka kabla ya wakati, naye atafungua sasa hivi.

Fundi aliitazama kalamu. Damu ilimpanda kichwani. Katika nyumba aliyoifagia miaka yote hiyo, kwa ajili ya mama ambaye yeye ndiye humkanda miguu kwa mikono yake, aandike jina kama kibarua. Akasema hasaini kitu, akageuka, akaenda kushona. Alishona vibaya, akafumua, akashona tena. Stoo akarudisha daftari msumarini.

Hiyo ilikuwa Jumapili.

Jumanne hii, saa nne kasoro, Stoo akiwa ameshakwenda kazini, Fundi alisikia kikohozi chumbani, kisha akasikia kitu kibaya kuliko kikohozi: filimbi nyembamba ya kifua kinachojaribu kuvuta hewa. Alipofika alimkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mabega yamepanda hadi masikioni, inhela mdomoni. Aliibonyeza. Haikutoa kitu. Fundi akaichukua, akaitikisa, akaibonyeza mwenyewe. Ilitoa sauti kama ya mtu anayesonya.

Akampigia Stoo simu. Ilipokelewa haraka. Akamwambia mama amebanwa na dawa imeisha.

"Imeisha kabisa," Stoo akauliza, "au bado inatoa kidogo?"

Jibu lililomjia Fundi halikuwa la mtu anayesali. Huko upande wa pili mtunza stoo alijisikia alichokisema, na kikasikika kiti kinaanguka. Akasema anakuja. Kutoka ghalani hadi nyumbani ni dakika arobaini, barabara ikiwa kavu.

Fundi akafungua dirisha akamwita muuguzi wa nyumba ya pili, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka zamu na bado amevaa viatu vyeupe. Muuguzi akaja mbio, akamketisha mama vizuri, akamwegemeza mbele juu ya mto, akaanza kumhesabia pumzi kwa sauti ya chini. Akamuuliza Fundi dawa nyingine iko wapi. Fundi akanyoosha kidole kwenye kona ya chumba kile kile. Muuguzi akaliangalia lile sanduku, akaziangalia zile kufuli mbili, akamwangalia Fundi, na kwa heshima ya mgonjwa akameza aliyotaka kusema.

Fundi alitwaa pasi ya mkaa akaigonga kufuli. Pasi ikapasuka mpini. Akatafuta kitu cha kuvunjia akakumbuka kwamba mtaimbo umo humo humo ndani, na shoka pia. Akasimama katikati ya chumba mikono mitupu. Nyuma yake ile filimbi ya kifua ilizidi kuwa nyembamba, na midomo ya mama ilianza kubadilika rangi. Hakujua aombe nini, hivyo aliomba kwa maneno machache kuliko siku zote: Mungu, nionyeshe.

Alichoonyeshwa kilikuwa kitu anachokijua. Nguo isiyofunguka kwa kifungo, fundi huigeuza akatafuta mshono. Akalikumbatia sanduku, akalizungusha likikwaruza sakafu, na nyuma yake akakuta bawaba mbili, kila moja na skrubu nne, zinaangalia nje. Stoo alikuwa amezipenda kufuli hata mgongo hakuutazama. Fundi akakimbilia barazani, akachukua bisibisi ndogo ya cherehani, akapiga magoti.

Skrubu ya kwanza ilikuwa ngumu. Ya pili ikafuata. Bisibisi ikateleza ikamchana kidole, akaendelea, damu ikiufanya mpini uteleze. Muuguzi alikuwa akisema, taratibu mama, toa pumzi, toa. Ya nane ilipoanguka, kifuniko kikalegea kwa nyuma, na Fundi akatumbukiza mkono hadi begani, akipapasa kati ya kamba na mishumaa. Akaipata. Ilikuwa imefungwa kwa nailoni matabaka matatu na utepe wa gundi juu, na kibao kimeandikwa kwa mwandiko mzuri: INHELA, MPYA, MOJA. Akairarua kwa meno.

Muuguzi akaitikisa, akamwekea mama mdomoni, akabonyeza, wakangoja, akabonyeza tena. Kisha mabega ya mama yakashuka, kidogo, na ile filimbi ikawa nene, ikawa kukoroma, ikawa pumzi. Fundi alikaa chini sakafuni kati ya skrubu akalia bila sauti.

Stoo aliingia amelowa kwa kukatiza mtaroni, amepoteza kiatu kimoja, funguo mkononi. Akamwona mama yake anahema. Akaliona sanduku limefunguka mgongoni. Halafu akafanya jambo ambalo Fundi atalikumbuka: mkono wake ukapanda wenyewe ukashusha daftari msumarini, akafungua, akaandika tarehe, akaandika inhela moja. Alipofika kwenye safu ya sababu kalamu ikasimama. Akamtazama mama yake. Akalifunga daftari, akaliweka chini, akapiga magoti kando ya kitanda na kuuweka uso wake kwenye magoti ya mama.

Muuguzi alimwacha alie kidogo, kisha akampa dozi yake ya maneno. Alimwambia kwamba mama apelekwe zahanati leo hii akapimwe, na kwamba dawa ya pumu ni ya kufikiwa na mkono wa mgonjwa hata akiwa gizani. Alimuuliza ni maafa gani alikuwa anayasubiri, maana mengine huingia kwa miguu bila maji. Stoo aliitikia kila neno. Alisema kosa ni lake. Alisema alitaka kitu cha mama kikae salama kuliko vyote.

Fundi alingoja aseme na lile lingine. Angesema tu: Jumapili nilikubali kumpa, akakataa kuandika jina. Lilikuwa kweli, na lingempunguzia mzigo mbele ya jirani. Hakulisema. Muuguzi alizidi kumsema, naye akazidi kuinamisha kichwa, kiatu kimoja mguuni, maji yakimdondoka. Hasira ya Fundi, aliyoilea miezi mitatu, ilitafuta mahali pa kukaa isipaone.

Mama alikuwa amepata sauti, hafifu lakini ni yake.

"Mmeniogopesha," akasema. "Sasa semeni mtafanya nini, mmoja mmoja, na huyu muuguzi asikie."

Stoo akaanza. Akazitoa funguo zote mbili kwenye pete, akampa mama yake mkononi. Akaahidi kwamba sanduku litabaki na turubai, kamba na vya mafuriko, bila kufuli, na kwamba dawa, kibiriti na mkasi vitakaa pale vinapotumika. Kuhusu daftari alikawia kidogo, mtu haachi miaka ishirini na sita kwa pumzi moja, kisha akasema nalo litarudi ghalani.

Wakamgeukia Fundi. Muuguzi alisema yeye hana la kuahidi, ndiye aliyeokoa. Fundi akafuta kidole kwenye kanga, akasimama.

"Jumapili aliniambia niandike jina langu nipewe ile dawa," akasema. "Kalamu ilikuwa mbele yangu. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimekasirika, nikaenda kushona, na wewe mama ukabaki na chupa tupu."

Muuguzi akatazama chini. Stoo akainua uso, akatikisa kichwa kumwambia haikuwa lazima. Mama akamnyooshea mkono, na Fundi akaushika.

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote watatu. Kukasirika nitakasirika, maana huyu mtoto wako namjua. Lakini kuanzia leo nitakasirika dawa ikiwa imeshafika mkononi mwako."