Eda Iliyopita

Orodha ilimfikia kwa simu siku ya Jumatatu. Savriniso aliisoma akiwa amesimama uani, kisha akaisoma tena kwa sauti, kama vile kuna mtu ndani wa kumsikiliza. Cheti cha kuzaliwa. Cheti cha ndoa. Cheti cha tabia njema kutoka polisi wa kwao, na kingine kama hicho kutoka nchi yoyote aliyowahi kukaa mwaka mzima. Picha mbili, masikio yaonekane.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika kichochoro chao mjini Panjakent. Ilikuwa na vyumba vitano, na kila asubuhi alivifagia vyote ingawa alilala katika kimoja tu. Binti yake wa pekee, Mehrangez, aliolewa Marekani, akapata uraia, na sasa alikuwa anamwombea mama yake viza ya kuhamia huko moja kwa moja.

Kesho yake Mehrangez akapiga simu. "Mama, fomu tunaijaza pamoja. Mimi nasoma, wewe unajibu. Jina la mume?"

"Jina la baba yako hulijui?"

"Mama, jamani, fomu ndivyo inavyouliza. Haya, nimeandika. Tarehe ya kuzaliwa nimeandika. Anaishi wapi kwa sasa?"

Savriniso akautazama mkeka wa aprikoti zilizoanikwa juani.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Niandike hajulikani alipo?"

"Andika unavyoona."

Ibodullo alikwenda Urusi kujenga magorofa wakati Mehrangez yuko darasa la saba. Mwaka uliofuata Savriniso alimwacha mtoto kwa bibi yake, akamfuata mumewe. Wakakaa Chelyabinsk miaka minne, mume juu ya majukwaa ya ujenzi, mke akikanda unga kwenye kiwanda cha mikate. Kisha mama mkwe akaugua, Savriniso akarudi kumuuguza. Ibodullo alipiga simu kila Jumapili, baadaye kila mwezi. Siku ya Navruzi, sikukuu yao ya mwaka mpya mwezi wa tatu, mwaka mmoja alipiga akasema anahamia kazi nyingine. Baada ya hapo simu haikulia tena. Sasa ilikuwa imetimia miaka kumi na miwili.

Majirani walipouliza, "Ibodullo hajambo?" alijibu, "Hajambo, anawasalimu." Mara ya kwanza alisema hivyo kwa aibu. Mara ya pili alisema kwa sababu alishasema mara ya kwanza. Kuanzia hapo ikawa kama kuitikia salamu, mdomo unajibu wenyewe.

Cheti cha polisi wa kwao alikifuata Dushanbe, mji mkuu. Alipanga foleni tangu asubuhi, peke yake kati ya watu waliokuja na wake zao, waume zao na chakula cha kula pamoja. Zamu yake ilipofika, askari wa kike wa rika la Mehrangez akamwambia alete mkono achukuliwe alama za vidole. Mashine ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa.

"Shangazi, vidole vyako vimefutika! Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikanda unga."

"Basi hata ungeiba benki tusingekupata," askari akasema, na wenzake wakacheka.

Akauchukua mkono wa Savriniso, akaufuta kwa kitambaa chenye maji, akaupasha joto kati ya viganja vyake viwili, kisha akavikandamiza vidole kimoja kimoja bila haraka. Savriniso alijaribu kukumbuka ni lini mtu alimshika mkono kwa muda mrefu namna ile. Alimkumbuka Mehrangez uwanja wa ndege, na hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita.

"Tayari, Shangazi," askari akasema kwa upole. "Mkono wako unaweza kuuchukua sasa."

Ndipo alipoona kwamba ameusahau mezani.

Cheti cha Urusi kilikuwa na kazi zaidi. Akaandikisha barua kwa mwanasheria, ya kumruhusu Rayhon, aliyekuwa akikanda naye unga na ambaye hadi leo yuko kiwanda kile kile, afuatilie karatasi kwa niaba yake. Mehrangez akaongeza lake.

"Mwambie aulize na habari za baba pale wanapoandika ndoa na talaka. Usije ukawa umeshaachwa, Mama, na wewe huna habari."

Majuma yale ya kungoja Savriniso alijiandaa kwa talaka. Alimwona kabisa huyo mwanamke mwingine, mnene, ana meno mazuri. Usiku alijizoeza maneno atakayosema watu wakijua, na hakuna hata neno moja lililomtoka vizuri.

Rayhon alipiga simu adhuhuri moja ya mwezi wa saba.

"Dada Savri, umekaa?"

"Nimekaa." Alikuwa amesimama.

"Cheti chako cha polisi kimetoka. Safi, huna doa hata moja."

"Mungu akulipe. Na lile jingine? Ameoa, sivyo?"

"Dada, ngoja kwanza."

"Sema tu, mdogo wangu. Ni Mrusi?"

"Hajaoa, Dada. Wala hakukuacha. Amefariki."

Kichochoroni mtu alipita na mkokoteni. Savriniso akangoja mpaka kelele zake ziishe.

"Lini?"

"Tarehe nne, mwezi wa kumi na moja. Miaka tisa iliyopita. Wameandika moyo. Waliomzika ni wenzake wa bweni. Nilikwenda kuwatafuta, lakini bweni limeshabomolewa, na watu wenyewe wametawanyika. Cheti cha kifo ninacho mkononi. Nisamehe, Dada, sikujua nikuambie vipi."

Savriniso akamshukuru. Akamuuliza hali ya magoti yake, kwa sababu Rayhon alikuwa mgonjwa wa magoti, akasikiliza jibu hadi mwisho. Walipoagana aliinama mkekani, akazigeuza aprikoti moja moja, upande wa pili nao upate jua.

Jioni alikwenda kwa Bibi Otun, mwalimu wa dini wa wanawake wa mtaa, akiwa na gauni la buluu la msiba kwenye mfuko.

"Nimekuja kuuliza naanza eda leo au kesho," akasema, akaeleza yote.

Bibi Otun aliisikiliza habari hadi mwisho, kisha akamshika bega. "Mwanangu, eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku mke alipopata habari. Miezi minne na siku kumi. Yako ilikwisha zamani."

"Lakini sikuikaa."

"Ilipita yenyewe. Huna deni lolote."

Njiani alipiga hesabu. Eda yake ilikwisha katikati ya mwezi wa tatu, karibu na Navruzi. Mwaka ule alikuwa kwenye sufuria la sumalak, uji wa ngano wa sikukuu, pamoja na wanawake wenzake, amevaa hariri ya rangi zote, akikoroga na kuimba. Alikumbuka walivyomsifu sauti. Na bado kulikuwa na hesabu nyingine, ambayo aliikwepa mpaka alipofika mlangoni kwake. Kimya kilikuwa cha miaka kumi na miwili. Kifo kilikuwa cha miaka tisa.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa Oyjamol, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Hebu ngoja," Oyjamol akasema, mikono kiunoni. "Miaka tisa? Juzi tu nimekuuliza, ukaniambia amenunua koti!"

"Nilidanganya."

"Koti la ngozi, ulisema! Mimi nikamwambia mume wangu, mwenzio Ibodullo anavaa ngozi! Kumbe namsalimia maiti! Namwombea uzima maiti!" Mara akaanza kulia kwa hasira. "Ukuta mmoja, Savriniso. Ukuta mmoja, usiniambie?"

Akaondoka akaubamiza mlango. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne akaingia bila kubisha, amebeba karoti zilizokatwa na mchele uliooshwa, nyuma yake wanawake saba. Wakapika, wakasoma, wakamwombea marehemu. Lakini msiba ulikuwa umechacha. Wapo ambao hawakumkumbuka vizuri Ibodullo, na wengine walikuwa watoto alipoondoka. Baada ya chakula mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya juma lijalo. Savriniso hakuwalaumu. Walipoondoka aliosha vyombo, akafagia vyumba vitano, ingawa ilikuwa alasiri.

Usaili wa viza ulikuwa kwenye ubalozi mdogo wa Marekani ulioko Almaty, mwezi wa tisa. Afisa alikuwa kijana mpole aliyezungumza kupitia mkalimani. Alipanga vyeti vyote mbele yake.

"Hali ya ndoa?"

"Mjane."

"Tangu lini?"

Akataja tarehe ileile ya kwenye karatasi, siku, mwezi na mwaka, bila kukosea. Viza akapewa. Mehrangez alilia kwenye simu, akauliza akate tiketi ya lini.

"Kwanza nina safari nyingine," Savriniso akasema.

Chelyabinsk ilikuwa imeanza kuingia baridi. Rayhon alimpokea, na kesho yake wakakodi teksi hadi makaburini, kwenye sehemu ya Waislamu, mwisho kabisa karibu na uzio. Hakukuwa na jiwe. Kulikuwa na kibao cha chuma chenye namba, na majani makavu yaliyofika magotini. Rayhon akalinganisha namba na ile ya kwenye karatasi, kisha akarudi kwenye teksi amwache mwenzake.

Savriniso aling'oa majani kwa mikono mpaka udongo ukaonekana. Akasoma alichojua. Akamweleza kwamba Mehrangez ana watoto wawili, na kwamba yeye mwenyewe anaondoka, ufunguo wa nyumba atamwachia Oyjamol. Kisha akausawazisha udongo kwa kiganja.

"Hii miaka tisa nimekusamehe," akasema mwishowe. "Hukuwa na la kufanya. Lakini ile mitatu, Ibodullo? Ile mitatu ulikuwa hai."

Akangoja kidogo, kama mtu aliyeuliza swali kwenye simu na laini bado haijakatika. Upepo ukazigonga waya za uzio. Akavuta shali, akajipangusa udongo kwenye vidole, akaanza kutembea kuelekea kwenye teksi, ambako Rayhon alikuwa tayari amemfungulia mlango.