Kufuli la Tangi la Florendo

Siku Florendo aliponunua lile kufuli kule mjini La Trinidad, muuza vipuri alilisifia mpaka mate yakamkauka. Kifuniko cha chuma, ufunguo mdogo, unageuza mara moja, basi. "Wakija na bomba lao la kunyonyea watanyonya hewa," alisema. "Wewe lala, mzee." Florendo akalala kweli, siku nne.

Huko kwao juu, kwenye karoti na ukungu, hapakuwa na gari jingine zaidi ya pikapu yake, na ufunguo wa kuiwasha ulining'inia kwenye msumari mlangoni. Mwenye mgonjwa anachukua, anakwenda, na kabla ya kurudisha anajaza dizeli aliyotumia. Hakuna kuombana ruhusa, hakuna kuulizana. Aliyeichukua mara nyingi kuliko wote ni Wasing, binamu yake mdogo, ambaye kila Alhamisi alimpeleka mama yake hospitali kusafishwa kidonda cha mguu. Na kila Ijumaa asubuhi Florendo akiwasha, mshale wa mafuta uko chini. Sasa hapo mtu afikirie nini?

Angefikiria kuuliza, lakini hakuuliza. Alifunga kufuli lake, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba, kisha akaenda kwenye banda ambako watu wote huoshea karoti. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Haya, tuone sasa kama dizeli yangu itakwenda hospitali bila mimi!"

Watu wakaangua kicheko. Wasing alikuwepo, mikono ndani ya maji mpaka viwikoni. Akainua uso.

"Kaka Florendo, mimi narudisha mafuta kila safari."

"Nimekutaja?"

"Hujanitaja."

"Sasa mbona unajishtukia?"

Wakacheka tena. Mzaha wa namna hiyo ni ushenzi mtupu: unamvua mtu nguo hadharani, halafu asipocheka unamwambia ana roho ndogo. Wasing hakucheka. Aliendelea kuosha karoti zake.

Siku ya tano mshale ukawa chini tena. Kufuli ni zima, ufunguo uko shingoni. Florendo akatandika gunia, akaingia chini ya gari. Mpira unaopeleka dizeli kwenye injini ulikuwa umepasuka karibu na tangi, unadondosha tone moja moja kwenye kokoto za mtaro, na mvua inaosha. Pale palipopasuka palikuwa pamefungwa ukanda mwekundu wa tyubu ya baiskeli, ambao sasa umelegea. Fundo lile alilijua. Kijiji kizima hakuna afungaye magunia ya karoti kwa fundo la vitanzi viwili ila Wasing.

Ndipo akakumbuka. Miezi miwili nyuma Wasing alimwambia, "Kaka, gari linanuka dizeli," naye akamjibu, "Ulitaka linuke ubani?" Wakacheka wote wawili, yakaisha. Mungu wangu! Florendo alilala pale chini ya gari mpaka mgongo ukalowa.

Kesho yake akanunua mpira mpya, akaufunga mwenyewe, geti limefungwa. Ukanda mwekundu akautia mfukoni. Tangu hapo mshale haukushuka tena, na kila mtu akaliona hilo. "Kufuli limemkomesha mwizi," walisema, na wenye trekta mbili za mkono nao wakaagiza ya kwao. Kila aliyempongeza Florendo alikuwa anamchoma tu, naye anajibu, "Eeh, zuri sana." Chakula kikawa hakipiti. Mkewe Delfina akamuuliza kama ana vidonda vya tumbo, akasema labda.

Na Wasing je? Kidonda cha mama yake kilikuwa bado hakijapona, na gari jingine hakuna. Aliendelea kuichukua pikapu kila Alhamisi. Kwa kuwa tangi halifunguki, alirudi na dizeli ndani ya dumu, akalitua mlangoni kwa Florendo, akagonga mara moja na kwenda zake. Dumu limejaa mpaka kwenye mfuniko. Florendo aliona heri angetukanwa.

Wiki ya saba ushirika ukapata lori, na Jumapili baada ya misa watu wakakutana bandani kuchagua dereva. Wasing alikuwa ameisubiri kazi hiyo mwaka mzima. Lori lingeshuka mjini kila Alhamisi, na mama angekaa mbele karibu na mwanawe, bila kuazima gari la mtu. Tena kwenye zile kona za ukungu hakuna anayemfikia Wasing kwa kuendesha. Mwenyekiti, Mama Apolonia, mwanamke asiyezungusha maneno, akamgeukia Florendo.

"Florendo, wewe ndiye uliyepatwa. Tangi la lori hili ni kubwa kuliko jiko langu. Tumpe Wasing, tusimpe?"

Florendo akatia mkono mfukoni, akaushika ule ukanda. Maneno mawili tu yalitakiwa: mpira ulipasuka. Mtoto wa miaka mitatu angeyasema. Lakini akawatazama watu waliomcheka Wasing kwa ajili yake, akaona sasa watamgeukia yeye.

"Mimi," akasema, "sikumwona kwa macho yangu."

Ni kweli, hakumwona. Na katika maisha yake yote Florendo hajawahi kusema uongo mchafu kama ukweli ule. Kazi akapewa Tomino, yule aliyewahi kuitumbukiza trekta kwenye kisima cha shule. Wasing akavaa kofia yake, akatoka.

Florendo hakuweza hata kurudi nyumbani. Alimfuata, akamkuta nyuma ya nyumba yao anachemsha maji ya kuoshea kidonda. Akautoa ule ukanda.

"Wasing, hukuwa wewe. Mpira ulikuwa umepasuka. Nilijua tangu..."

"Tangu ulipoubadilisha," Wasing akamalizia. "Alhamisi ile nilipitisha mkono chini nikaze fundo langu, nikagusa mpira mpya. Nikasema afadhali, kaka ameona mwenyewe. Leo atakuja. Nikangoja."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Ukishaitwa mwizi, nani atakusikiliza habari za mpira?"

"Nisamehe, ndugu yangu. Nimekukosea. Nimekukosea vibaya."

Wasing alitia chumvi kwenye maji, akakoroga taratibu. "Mimi nilikuwa najua, kaka. Sasa unaniambia mimi ya nini? Wasiojua wako bandani."

Sauti ya mama ikatoka ndani. "Nani huyo?"

"Florendo, mama."

"Mpe kahawa! Bila gari lake mguu huu ungeshakatwa."

Wasing akammiminia. Florendo akainywa yote, kwa sababu kuikataa kahawa ya mama yule lingekuwa tusi jingine. Kisha akaenda kwenye pikapu, akafungua kile kifuniko chenye kufuli, akakitoa chote.

Bandani watu walikuwa wameshaanza kuosha karoti za soko la Jumatatu. Mama Apolonia alipoliona kufuli mkononi mwake akapiga makofi.

"Heee! Wamelivunja? Umeibiwa tena, baba?"

Watu wakainua vichwa, tayari kwa kicheko. Florendo akaliweka kufuli juu ya mizani, na ule ukanda mwekundu pembeni yake.

"Hapana, Mama Apolonia," akasema. "Sijawahi kuibiwa."