Mwandishi Hana Mdomo

Redio ilikuwa imemharibu Mama Sauti, na mwenyewe alikiri hivyo bila kuona haya. Miaka nenda miaka rudi aliandika michezo ya redio, na kwenye redio mtu haingii chumbani kimyakimya. Lazima aseme, "Dada yangu, mbona umekaa gizani, machozi yanakutoka, na mkononi umeshika kisu?" Msikilizaji haoni, kwa hiyo kila kitu kitamkwe. Wahusika wa Mama Sauti walitamka njaa yao, wivu wao na rangi ya viatu vyao. Watani wake kazini walisema kwamba kwake hata marehemu hakati roho mpaka aeleze risasi imeingilia wapi.

Kisha stesheni ikaamua kuacha michezo ya redio na kuingia kwenye tamthilia za televisheni. Waandishi wakaambiwa wakajifunze upya. Baadhi yao walinuna wakaacha kazi. Mama Sauti alinuna pia, lakini alikwenda.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la fotokopi, kwenye chumba chenye meza mbili zilizounganishwa. Moja ilikuwa fupi kidogo, basi aliyekaa katikati alikuwa akiandika huku kalamu inajikwaa. Mwalimu alikuwa binti mwembamba, rika la mtoto wake wa mwisho. Alimwita "mama" kwa heshima zote, kisha akamfyekea mistari yake bila huruma.

"Mama, hapa mume anasema, 'Nimekasirika.' Tunakata."

"Sasa watu watajuaje kwamba amekasirika?"

"Huwa anafanya nini akikasirika?"

"Anasema amekasirika."

Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka nao, ingawa hakuona kosa liko wapi.

Darasa hilo lilikuwa na sheria moja iliyomtesa kuliko zote: mwandishi hana mdomo. Zamu yako ikifika, mwenzako anasoma kazi yako kwa sauti, halafu wengine wanaulizana. Mtu huyu ni nani? Anataka nini? Anaogopa nini? Wewe uliyemuumba unakaa pale na midomo yako miwili, huruhusiwi kufafanua hata neno. "Tamthilia ikirushwa," mwalimu alisema, "hutazunguka kwenye sebule za watu kuwaeleza ulichokusudia." Mama Sauti aliona kuwa kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa adhabu ya kufungwa pumzi.

Wiki hiyo walipewa kazi ya nyumbani. Ukurasa mmoja, mtu mmoja unayemjua vizuri, yuko nyumbani, na hatoi neno lolote. Andika tu kinachoonekana na kinachosikika.

Kwa hilo hakuwa na haja ya kwenda mbali. Mtu wa kutotoa neno alikuwa naye ndani, tena alikuwa ameolewa naye.

Mumewe alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha mbao mpaka alipostaafu. Zamani walikuwa wakipiga soga mpaka chai inapoa. Sasa ulikuwa unakwenda mwaka wa pili huyu bwana amegeuka mtu mwingine. Ukimsemesha kutoka jikoni, kimya. Ukimfuata ulipomwacha, anatabasamu na kukujibu, "Sawa." Ukimletea umbea wa moto kabisa, wa kumfanya mtu avute kiti, "Sawa." Vikao na marafiki zake alishaviacha. Mama Sauti alichunguza kama kuna mwanamke mwingine, hakupata hata harufu yake, na hilo lilimuuma zaidi, maana mwanamke mwingine angalau ana sura ya kugombana nayo. Jibu lililobaki lilikuwa moja: mzee amemchoka.

Alikuwa ameshampigia simu binti yake. "Nitahamia kwako mwisho wa mwezi. Usimwambie baba yako."

"Mama, mmegombana?"

"Tungekuwa tunagombana ningekaa. Mtu anagombana na ukuta?"

Kwa hiyo alipokaa kuandika ukurasa wake, aliandika kwa uchungu. Alitaka darasa zima lione anachovumilia. Alikaa pembeni ya sebule alasiri mbili, akamtazama mumewe kama mtu anayemtazama fundi anayemshuku kwamba anamwibia vipuri, na kila alichokiona akakiandika, bila kuongeza chumvi. Kwa mara ya kwanza hakumwekea mtu maneno mdomoni.

Siku ya zamu yake, aliyepewa kusoma alikuwa kinyozi, kijana mwenye sauti nzuri aliyekuja darasani kwa sababu wateja wake walimwambia anajua kusimulia.

"'Ndani. Sebuleni. Alasiri,'" alisoma. "'Mume, miaka sitini na kitu, amekaa kwenye kiti kinachotazama milango yote miwili. Mke anaingia akiongea. Mume anainua macho, anatabasamu. Mke anageuka kupanga vitabu, bado anaongea. Mume anainama mbele, anapindisha shingo ili aone uso wake. Mke anatoka.

"'Jikoni birika linapiga filimbi. Mume anafunua gazeti. Birika linaendelea. Mume anasoma. Mke anapita mbele yake haraka kwenda kuliondoa motoni. Mume anamwona, anashtuka, anasimama, amechelewa.

"'Marudio ya mchezo wa zamani wa mke yanaanza redioni. Mume anaipakata redio, kiganja amekilaza juu yake. Hatazami redio, anamtazama mke. Mke anacheka. Mume naye anacheka, nyuma yake kidogo. Mke anatoka. Tabasamu la mume linaondoka. Anajipangusa uso kwa mikono miwili.'"

Kinyozi aliweka karatasi mezani. Mama Sauti alijiweka sawa kitini, akisubiri wamuonee huruma.

"Mimi nampenda sana huyu mzee," nesi alisema. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu yake ya hospitali, viatu vyeupe bado mguuni.

Mama Sauti alifungua mdomo. Mwalimu akamwinulia kidole, akaufunga.

"Anampuuza mkewe?" mwalimu aliuliza.

"Hata kidogo," kinyozi alisema. "Hamwondolei macho. Ona, mke akigeuka, anamtafuta uso. Na anacheka baada yake. Anamtazama kwanza, ndipo anacheka."

"Na birika?"

"Hakulisikia."

"Hasikii kabisa," nesi alisema. "Ile redio anaishika ili ahisi ikitetemeka."

"Anataka nini, basi?"

"Mkewe asijue."

Mashine za fotokopi zilisikika chini. Mama Sauti alitaka kusema hapana, hamkuelewa, yule anajifanya. Lakini karatasi ilikuwa pale mezani, mwandiko wake mwenyewe, na popote alipoigusa kwa macho aliona kwamba wanasema kweli.

"Mama," mwalimu alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa laini, "hii ndiyo kazi. Umeificha siri yake, umetuachia tuigundue wenyewe. Hongera sana."

Wenzake walimpigia makofi. Ilikuwa sifa yake ya kwanza darasani humo, na hakuwa na haki nayo, wala hakuruhusiwa kusema.

"Mimi nina tatizo moja tu," kinyozi aliongeza. "Huyu mke. Wanalala nyumba moja, wanakula meza moja, halafu haoni? Hapo sikumwamini."

"Kweli," mwalimu alisema, akiandika pembeni mwa karatasi. "Mume amekamilika. Mke bado. Nenda ukamtazame tena, mama."

Nyumbani alimkuta mumewe uani, ameinamia kigoda, anakaza mguu wake uliolegea. Mama Sauti alisimama nyuma yake.

"Mzee," aliita.

Bisibisi iliendelea kuzunguka. Aliita tena, kwa sauti ile iliyowahi kujaza studio nzima bila maikrofoni. Mumewe alipuliza vumbi la mbao, akaendelea na kazi yake.

Mama Sauti alizunguka akaja mbele yake. Mzee aliinua uso, na lile tabasamu likaja, tayari tayari. Mama Sauti alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Husikii," alisema.

"Sawa," mumewe alianza, kisha akautazama uso wake vizuri, na tabasamu likafa.

"Tangu lini?"

"Tatizo lilianza kule kiwandani, kwa kelele za mashine, kidogo kidogo. Mwaka juzi masikio yakafa kabisa."

"Na michezo yangu? Si ulikuwa unaniambia ni mizuri?"

"Nilikuwa naisoma usoni kwako. Ukifurahi, najua imetoka vizuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mzee aliitazama bisibisi mkononi mwake. "Mji mzima unakuita Mama Sauti," alisema. "Ningekuja kwako niseme nini? Kwamba wote wanakusikia isipokuwa mimi?"

Mama Sauti alilia, bila kujificha. Kisha akaona kwamba lake pia halijasemwa, na kwamba asipolisema leo atakaa nalo. Alijifuta uso, akageukia kwenye mwanga.

"Nilikuwa nataka kuhama. Nilidhani umenichoka."

Mumewe aliikodolea macho midomo ya mkewe. "Sijaipata. Sema tena."

Alisema tena, polepole. Mzee alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanampindisha mdomo mkewe, maneno hayasomeki. Ikabidi ayaseme mara ya tatu, moja moja, kila neno likimwuma mara yake. Nilikuwa. Nataka. Kukuacha.

Safari hii yalifika. Aliyaona yanavyofika. Mzee aliweka bisibisi chini kwenye vumbi la mbao.

"Bado unaondoka?" aliuliza.

Mama Sauti alimshika mashavu kwa mikono miwili ili asiangalie pembeni, akatikisa kichwa kukataa, akakitikisa tena na tena, mpaka alipohakikisha kwamba ameona.