Gunzi Lililokataa Kazi Moja

Usiku wa jana niliota, na msiniambie nilivimbiwa, maana nililala na chai ya rangi tu.

Mimi ni Mwalimu Sekela, wa chekechea. Jana mchana, kwa hofu ya mkaguzi, niliwanyang'anya watoto vikorokoro vyao vyote: vifuniko vya chupa, vifuu, magunzi, maboksi. Nikavitia kwenye kiroba, nikamwambia mzee Mwakibinga, mlinzi wetu, avichome alfajiri. Ukutani nikabandika: KILA KITU NA KAZI YAKE. Atupele alilia kimyakimya. Huyo ana miaka minne, na tangu aje shuleni mwezi wa pili hajatamka neno.

Basi naota niko darasani, na kila kitu kimebandikwa karatasi ya kazi yake. Nachukua kijiko nikoroge chai. Kijiko kinanikazia macho.

"Soma karatasi. Mimi ni wa kulia wali."

"Jamani, mara moja tu!"

"Sheria umeandika mwenyewe, Mwalimu."

Nataka kucheka, kicheko hakitoki. Najitazama kifuani, lahaula, na mimi nimebandikwa! MWALIMU: KUNYAMAZISHA. Najaribu kuomba maji. "Nyamazeni!" Najaribu kuomba msamaha. "Nyamazeni!" Nikajua leo nimepatikana.

Mlango unafunguka, linaingia gunzi la mahindi, limevaa tai, linaburuta kiroba. Halina karatasi. Mkaguzi, ambaye ni kabati letu la vioo, analiuliza kazi yake.

"Jumatatu nilikuwa simu," linajibu gunzi. "Jumanne, nyundo. Jana saa nne nilikuwa mtoto mchanga wa Atupele, nina homa, na dozi sijamaliza. Mkinichoma, mama yangu mtamwambia nini?"

"Kazi tatu? Haiwezekani!" Kabati likakasirika, likajifungia ndani, na funguo likazimeza.

Hapo hapo darasa limekuwa zahanati. Vifuniko ni vidonge, boksi la sabuni ni kitanda, na kifuu ni kofia kichwani kwa Atupele. Anakuja mbio, anaibandua karatasi kifuani kwangu, halafu ananikabidhi gunzi.

"Bibi, nishikie mwanangu," anasema, kwa sauti ya mama lishe mwenye wateja wengi. "Ameshakunywa uji. Mpigepige mgongoni acheue. Mimi nina foleni ya wagonjwa."

Amesema! Atupele amesema! Kicheko changu kikatoka chote, na machozi juu. Nikaliweka gunzi begani, nikalipigapiga. Likacheua, likaomba radhi.

Nikaamka bado nacheka. Mara nikaona kunapambazuka, nikakumbuka: kiroba!

Nikavuta kanga nijifunge, mkono ukagusa begani. Gauni langu la kulalia lina doa la uji, bichi, lina uvuguvugu bado. Na mimi uji sijapika tangu Pasaka.

Nikatoka pekupeku, nikakimbilia geti la shule, huku napiga kelele kabla hata sijafika:

"Mzee Mwakibinga, weka chini hicho kiberiti! Humo ndani kuna mgonjwa!"