Mbingu ya Makuti

Mimi nikisema nitafanya jambo, hulifanya. Mama yangu kule Kisii alikuwa akisema Nyaboke alizaliwa na shingo ngumu, na wala hakuwa akinisifu.

Basi nilipochoka kuwasomea watoto wangu wa chekechea hapa Matsangoni, pwani, habari za uumbaji kutoka kitabu chenye theluji na matufaha, niliapa kuchora changu. Nilichora kwa wiki sita, kila siku baada ya shule. Katika kitabu changu, hapo mwanzo palikuwa na giza na maji tu, na Mungu akaona kinachohitajika kwanza ni paa. Akasema neno, makuti yakajishona yenyewe, yakapanda juu yakawa mbingu. Kaa akaagizwa kuchimba mito, ndiyo maana mito haiendi moja kwa moja. Ndovu aliumbwa mwisho, kwa kuwa udongo ulibaki mwingi na hakuna aliyejua pa kuuweka. Mungu mwenyewe sikumchora hata kidole. Darasani nina watoto wa kanisani, wa msikitini, na wa wazee ambao bado wanatambika, na sikutaka ugomvi na yeyote.

Bi Vivian, mwenyekiti wa wazazi, alisema wazi kwamba mzazi mmoja akikipinga, kitabu hakiingii darasani. Nikakubali.

Siku ya kikao mchungaji alifunua kurasa zote akasema hana neno. Maalim naye akasema hana neno. Nikaanza kupumua. Ndipo Ngumbao, babu yake Kalume wa darasa langu, akainua mkono. Huyu ni fundi wa kuezeka, na nusu ya mapaa ya hapa yamepita mikononi mwake.

"Mwalimu, mbingu hii itavuja."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Itavuja vipi, baba?"

"Umeanzia juu. Makuti huanzia chini, upenuni, ukapanda nayo. La juu linalilalia la chini, maji yakateremka nje. Hivi ulivyoezeka wewe, maji yote yanaingia ndani. Lakini sikulaumu. Nyinyi watu wa bara mmezaliwa chini ya mabati."

"Ni hadithi ya watoto tu," Bi Vivian alimwambia.

"Na hao watoto ndio nitakaowafundisha kuezeka. Mimi sikikubali."

Niliona haya, kisha nikapandwa na hasira, hasa kwa sababu alisema kweli. Nikaomba wiki moja.

Jumamosi nilimfuata alikokuwa akiezeka jiko la jirani, nikajifunga leso kiunoni, nikapanda ngazi. Wanawake waliokuwa wakishona makuti pale chini wakanitania kwamba mwalimu anakwenda mbinguni mapema. Waache waseme. Nilijifunza kufunga kuti kwenye fito, moja juu ya jingine, mpaka vidole vikachubuka. Kisha nikarudi nyumbani nikachora upya kurasa nane, safu kwa safu, kutoka chini.

Katika kikao cha pili Ngumbao alipitisha kidole kwenye kila safu, watu wote wakimngoja. Alipofika ukurasa wa mwisho akasimama.

"Hapa umeacha tundu."

Tundu lilikuwa la mviringo, jeupe. Ningeweza kusema nimesahau, nikaliziba kwa rangi palepale, na kitabu kikapita. Lakini watoto wangu wangebaki na mbingu isiyo na mwezi, na mimi sikuchubuka vidole kwa ajili hiyo.

"Sikusahau, baba. Huo ndio mwezi. Siuzibi."

"Na mvua?"

"Ndiyo maana kuna fundi. Kila usiku anapanda, anaongeza kuti moja, tundu linapungua mpaka linafungika. Halafu upepo unalifumua tena kidogo kidogo, naye anaanza upya. Kila mwezi ni hivyo."

Ngumbao alilitazama tena lile tundu. Nilikuwa tayari kurudi nyumbani na kitabu changu kwapani, lakini si kuliziba.

"Kazi haiishi hiyo," akasema.

"Haiishi."

"Na huyo fundi yuko wapi? Mbona simwoni?"

Nikachukua penseli nikamchora mbele yake, yuko juu ya ngazi, kuti begani.

"Kisu chake?"

Nikamwongezea kisu kiunoni. Ngumbao akasogeza ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua kama anavyokagua paa la mtu.

"Sasa sina neno," akasema.

Nikamwuliza huyo fundi nimwandike jina gani.

"Lolote tu, mwalimu." Akafunga kitabu akanirudishia. Kabla sijakishika vizuri akakichukua tena, akafungua ukurasa uleule. "Hata Ngumbao si jina baya."